"Fundi, hii inavuta tani tatu na nusu": dhana potofu za wanaonunua pikapu ya dizeli kwa ajili ya boti

Juzi mteja alinipigia simu akiwa ameshalipa. Pikapu ya dizeli, milango minne, safi, haina mkwaruzo. Hakuniuliza kama injini ni nzima. Aliniambia tu: "Fundi, hii inavuta tani tatu na nusu, na boti yangu ni tani mbili na nusu. Nina ziada ya tani nzima." Nikamuuliza boti aliipimia wapi. Kimya.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kiasi kwamba mteja akianza tu naweza kummalizia. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, tena baada ya pesa kutoka, ndiyo maana leo nayaandika. Hilo la tani tatu na nusu nitakaa nalo muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linalokunja chesi, linaunguza giaboksi na linaua watu barabarani.

"Imeandikwa kilo 3,500, basi inavuta kilo 3,500"

Namba hiyo ni ya kweli, ila haiko peke yake. Fungua kitabu cha gari, kisha angalia kibati cha mlangoni au ndani ya boneti. Utakuta kuna uzito ambao gari lenyewe halitakiwi kuuzidi likishapakia. Kuna uzito ambao gari na trela kwa pamoja havitakiwi kuuzidi. Kuna kikomo cha kila ekseli, na kuna kikomo cha uzito unaokandamiza kifungio cha trela, lile tufe la chuma nyuma ya bampa. Vikomo vyote hivyo vinakubana kwa wakati mmoja. Kitakachofikiwa kwanza ndicho chenye amri, hata kama vingine bado vina nafasi.

Tufanye hesabu. Chukua pikapu ya milango minne yenye 4x4. Ikiwa tupu na tangi limejaa ina kilo 2,110. Ikipakia isizidi kilo 3,050. Ikiwa na trela, vyote viwili visizidi kilo 5,850. Namba za aina hii utazikuta kwenye pikapu nyingi za daraja hilo. Sasa ifungie ile trela ya kilo 3,500 uliyoahidiwa. 5,850 toa 3,500 inabaki 2,350, na katika hizo gari tupu limeshachukua 2,110. Umebaki na kilo 240. Watu watatu wa kilo 80 wakikaa, umemaliza. Hakuna sanduku la barafu, hakuna nyavu, hakuna begi la nguo, na kifungio cha chuma kilichofungwa baadaye nacho kinadai sehemu yake. Gari uliloambiwa linabeba karibu tani moja sasa halibebi hata tairi la akiba la trela.

Muuzaji hakukudanganya. Alikusomea namba moja, na wewe hukuomba nyingine.

Hata vipimo rasmi vya uwezo wa kuvuta vinavyosifiwa vina masharti yake. Kile cha Marekani kinachoitwa SAE J2807 kinahesabu ndani ya pikapu dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Wewe unakwenda majini na mke, watoto watatu na shemeji. Namba ya kwenye tangazo haikupimwa na familia yako ndani.

Hapo tumeangalia upande wa gari tu. Upande wa boti ndiko watu wanakojidanganya zaidi, kwa sababu uzito wanaoutaja wameutoa kwenye karatasi ya mtengenezaji, na karatasi hiyo mara nyingi inataja bodi tupu. Bodi ya kilo 1,200 ongeza injini ya nje ya farasi 150, hiyo ni zaidi ya kilo 200. Ongeza lita 200 za petroli, karibu kilo 150. Betri, nanga na mnyororo wake, maboya, kamba, maji ya kunywa na barafu vinafika kilo 150 bila wewe kujua. Trela ya chuma ya ekseli mbili, kilo 600. Boti "ya kilo 1,200" sasa ina kilo 2,300, karibu mara mbili.

Yule mteja nilimwambia aende kwenye mizani ya malori kabla hatujaongea tena. Boti na trela vilitoka na kilo 3,380. Ile ziada ya tani nzima ilikuwa kilo 120.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka sauti ikauke: pima boti kwanza, gari utanunua baadaye. Ipakie kama unavyokwenda nayo majini, tangi limejaa na vitu vyote ndani, uipeleke mizani. Pima mara mbili. Mara ya kwanza fungua trela, isimame yote juu ya mizani peke yake. Mara ya pili ifunge kwenye gari, gari likae nje, na magurudumu ya trela pekee yawe juu ya mizani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa shingo, yaani uzito ambao trela inaulaza juu ya gari lako. Karatasi hiyo ya mizani ndiyo unayokwenda nayo kutafuta pikapu. Mimi nikiona boti iliyojaa imevuka robo tatu ya namba ya kuvuta ya gari, namwambia mteja atafute gari kubwa zaidi au boti ndogo zaidi, na sibadilishi neno kwa sababu gari lina rangi nzuri.

Uzito wa shingo unastahili maelezo yake. Kwa kawaida tunalenga asilimia 10 hivi ya uzito wa trela iliyojaa, ila kitabu cha gari na cha trela ndivyo vyenye kauli ya mwisho. Ukipungua sana, trela inaanza kutikisa mkia ukishika mwendo, na boti ina tabia hiyo kwa asili kwa sababu injini yake iko nyuma kabisa. Ukizidi, gari linakaa kitako. Tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili zikiwa mbali mita 3.2, shingo ya kilo 250 haiongezi kilo 250 kwenye ekseli ya nyuma. Inaongeza kama 344, kwa kuwa inainua nyingine 94 kutoka magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo ya mbele ndiyo unayokatia kona, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi baada ya kufunga boti, usiufurahie.

"Nimeongeza springi na mifuko ya hewa, sasa inabeba zaidi"

Haibebi zaidi. Imesimama sawa tu. Kikomo cha kwenye kibati hakikubadilika, na chesi, ekseli, beringi na breki ni zilezile. Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesi na springi za majani ina hatari yake: uzito uliokuwa unagawanywa mbele na nyuma ya springi sasa unasukuma chesi sehemu moja, juu ya ekseli, huku shingo ya trela ikikandamiza ule mkia wa nyuma. Ukilipiga shimo kwa kasi, chesi inakunjika nyuma ya kebini. Nimeletewa gari la namna hiyo, kitanda kimeachana na kebini kwa juu kama mdomo uliofunguka, na mwenyewe ananiambia alidhani springi imekatika.

"Dizeli inashika yenyewe mteremkoni"

Hii nayo inanikera, kwa sababu anayeiamini anaigundua akiwa katikati ya mteremko. Kwenye injini ya petroli, ukiachia mafuta mlango wa hewa unafunga na pistoni zinavuta dhidi ya mlango uliofungwa. Ndiyo maana gari linashika. Dizeli haina mlango wa kuizuia namna hiyo. Inavuta hewa kwa uhuru na kuibana, lakini hewa iliyobanwa inarudi kusukuma pistoni chini kama springi, hivyo sehemu kubwa ya nguvu uliyotumia unarudishiwa. Malori yanashika kwa sababu yana breki ya ekzosi au ya injini iliyotengenezwa maalumu, na baadhi ya pikapu kubwa za Marekani nazo zinayo. Pikapu nyingi za kawaida hazina.

Kwa hiyo trela ya uzito huu lazima iwe na breki zake, na ziwe zinafanya kazi. Zijaribu mwenyewe kabla ya safari. Weka gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, usingoje kusikia harufu ya breki. Na trela ikianza kutikisa mkia, achia mafuta taratibu na ushike usukani imara bila kuuzungusha kwa fujo. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu, au kuongeza mwendo ukidhani utaivuta inyooke, ndivyo magari yanavyolazwa na boti zake.

"Bila 4x4 huwezi kuvuta boti"

Barabarani 4x4 haikuongezei hata kilo moja ya kuvuta. Uzito wa mitambo yake unakula sehemu ya mzigo wako. Kazi yake iko sehemu moja: pale unapopandisha boti kwenye njia yenye utelezi wa mwani, magurudumu ya nyuma yakiwa yameloa. Hapo 4L, yaani 4x4 kwenye gia nzito, ina thamani kubwa, kwa gari na kwa klachi. Ukirudi kwenye lami kavu, itoe, la sivyo unaitesa difu na mitambo yote ya katikati.

"Automatiki si gari la kuvuta"

Ilikuwa kweli zamani. Leo kwa mtu anayepandisha boti kutoka majini namshauri automatiki bila kusita. Ile pampu ya mafuta kati ya injini na giaboksi inaongeza toki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, wakati wa kuondoka, karibu mara mbili, na hakuna klachi ya kuungua. Adui yake ni joto. Hakikisha gari lina rejeta ya mafuta ya giaboksi, na ubadilishe mafuta hayo mapema kuliko mtu asiyevuta kitu. Anayekwambia mafuta ya giaboksi ni ya maisha yote hatakuwepo siku giaboksi ikifa.

"Kwa dizeli kilomita si kitu"

Hii imerithiwa kutoka kwa injini za zamani, zile zilizokubali mafuta yoyote na kuendelea. Dizeli za sasa zinasukuma mafuta kwa shinikizo la bar 2,000 au zaidi. Tairi lako lina kama mbili na nusu. Nozeli za shinikizo hilo hazisamehi maji wala uchafu kwenye mafuta, na hazijali gari lilitengenezwa wapi. Kichujio cha masizi kwenye ekzosi nacho kinaziba kwa gari lililoishi kwenye safari fupi za mjini. Kwa kichujio hicho, kuvuta boti safari ndefu ni afya, kwa sababu moto unaohitajika kuchoma masizi unapatikana.

Kwa gari lililotumika, ninachotaka uache ni kusimama mbele ya boneti ukisikiliza injini kama daktari. Muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika. Mwambie asiwashe mpaka uje, na ukifika, lala chini kwanza. Nenda nyuma. Pikapu iliyovuta boti ya baharini imerudishwa nyuma ndani ya maji ya chumvi mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Angalia ndani ya chesi kwa tochi, juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vifungo vya springi, kwenye mabomba ya breki. Fungua soketi ya taa za trela: ikiwa na ukungu wa kijani, maji yamefika hapo. Mafuta ya difu yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamefika ndani zaidi. Nusa mafuta ya giaboksi. Baada ya hapo washa injini ikiwa baridi, sikiliza unavyotaka.

"Nitaweka chipu, itavuta vizuri zaidi"

Itavuta kwa haraka zaidi kuelekea kwa fundi. Chipu, kile kifaa cha kubadilisha mipangilio ya injini, inaongeza toki na joto, haiongezi klachi, breki wala namba kwenye kibati.

"Trela haina injini, haina cha kuharibika"

Ina beringi, na wanunuzi wengi wanamaliza bajeti yote kwenye pikapu huku trela ikiwa na grisi ya miaka mitano. Beringi zikitoka safari ndefu zinakuwa za moto. Ukizitumbukiza papo hapo kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Maji yakiingia yanaharibu grisi na kula chuma kwa wiki chache, na gurudumu litakuacha njiani siku usiyoitarajia. Ukifika, simama kwanza. Weka mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa cha moto, panga vitu vyako, vaa maboya, ngoja dakika ishirini au thelathini. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, hicho usikiingize majini leo, kifungue.