Alama za vinasaba za saratani ya tezi dume: zinatabiri nini hasa?

Ukitaja kipimo cha vinasaba Tanzania, akili za wengi hukimbilia kesi za ubaba na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwenye saratani ya tezi dume kinachotafutwa ni kingine: sehemu za DNA ambazo zikitofautiana na za watu wengi, uwezekano wa kuugua hupanda, au ugonjwa ukishaingia huwa mkali zaidi. Sehemu hizo ndizo alama za vinasaba. PSA, ambayo wanaume wengi wameisikia, haimo. Hiyo ni protini inayopimwa kwenye damu, na hupanda hata kwa mtu mwenye maambukizi au tezi iliyotanuka tu kwa umri.

Yapo maswali mawili ambayo hata waandishi wa afya huyachanganya. Nani ataugua? Na aliyekwisha kuugua, uvimbe wake ni wa kuua, au ni ule ambao mtu huzeeka nao na kufa kwa sababu nyingine kabisa? Alama inayojibu la kwanza mara nyingi haina la kusema juu ya la pili.

Swali la kwanza hujibiwa kwa DNA ambayo mtu amezaliwa nayo, ya kwenye damu au mate. Utafiti wa mapacha wa Denmark, Finland, Norway na Sweden uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa asilimia 57 ya tofauti za hatari kati ya wanaume hutokana na urithi, kiwango kikubwa kwa saratani. Sehemu kubwa ya urithi huo imetawanyika. Mwaka 2006 ziligunduliwa alama za eneo la kromosomu ya 8 liitwalo 8q24, nyingine zikafuata, na uchambuzi wa mwaka 2023 ukafikisha 451. Moja moja hazina uzito. Hujumlishwa, mtu akapata kitu kama maksi za hatari.

Maksi hizo zimeshajaribiwa Uingereza. Kwenye utafiti uitwao BARCODE1, uliotoa matokeo mwaka 2025, wanaume wa miaka 55 hadi 69 walipimwa alama 130 kwa mate, na asilimia 10 wenye maksi za juu kabisa wakaitwa kupigwa picha ya ndani ya mwili kwa MRI na kutolewa vinyama vya tezi. Kati ya waliokubali vipimo hivyo, asilimia 40 walikutwa na saratani. Wengi wa wale ambao saratani yao ilikuwa ya kuhitaji matibabu wangepita bila kugundulika kwa njia ya kawaida ya PSA na MRI. Kwangu hilo si jambo dogo. Lakini maksi hazitofautishi vizuri uvimbe mpole na uvimbe mkali.

Ukali una alama zake. BRCA2, jeni iliyozoeleka kwenye habari za saratani ya matiti, kazi yake ni kurekebisha DNA iliyokatika. Mwanaume aliyeirithi ikiwa na kasoro huwa kwenye hatari ya kuugua mapema na ya saratani inayosambaa haraka. HOXB13 ni tofauti: kasoro yake iitwayo G84E, iliyotangazwa mwaka 2012, huongeza hatari ya kuugua bila kuufanya ugonjwa uwe mkali kuliko wa wengine. Kisha kuna vipimo vya uvimbe wenyewe, kama Decipher, kinachosoma jeni 22 kwenye kinyama kilichotolewa ili kuona zinafanya kazi kwa kasi gani. Hapo hausomwi urithi wa mtu. Daktari anatafuta kujua kama uvimbe ufuatiliwe tu au utibiwe mara moja.

Sasa sisi. DNA nyingi iliyotumika kutafuta alama hizi ilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo maksi zilizotungwa kwao hupoteza makali zikiletwa kwa Waafrika. G84E yenyewe ni ya Ulaya ya kaskazini. Mwanaume wa Kisumu au Mbeya akilipia kipimo kinachoitafuta, jibu la "huna" halimwambii karibu chochote. Kwa upande mwingine, ipo alama ya 8q24 iitwayo rs72725854 inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, na huongeza hatari takriban mara mbili. Imeonekana pia kwa wanaume wa Uganda. Isingepatikana kwa kupima Wazungu hata wangekuwa milioni.

Matumizi yaliyokwisha kuimarika zaidi ni kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa. Miongozo ya kimataifa inashauri apimwe BRCA2 na jeni nyingine zinazorekebisha DNA, maana dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani hii, huchaguliwa kwa kuangalia kasoro hizo. Akikutwa na kasoro ya BRCA2 ya kurithi, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa nayo, wa kike sawa na wa kiume. Kwa binti, hatari inahamia kwenye matiti na ovari, kwa hiyo jibu la baba linaweza kuwa sababu ya binti naye kupimwa.