Kabla ya Kushuka Mwambani Mombasa, Uliza Maji

Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1986. Ni kilomita 10 za mraba tu, upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu, nayo imezungukwa na hifadhi ya bahari ya kilomita 200 hivi za mraba. Ndani ya mbuga hakuvuliwi chochote. Kwenye hifadhi, wavuvi wa mishipi na malema, yaani mitego ya samaki, wanaendelea na kazi yao kwa masharti. Samaki hawajui mpaka huo, na changu aliyenenepa mbugani huvuka akaingia kwenye lema la mvuvi wa Bamburi. Mbuga inawalisha hata wasioikanyaga.

Ninaloulizwa sana ni msimu gani unafaa kwa matembezi. Msimu una uzito wake, lakini safari nyingi huharibiwa na jambo jingine: watu hawatazami kujaa na kupwa.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa jioni. Familia iliyomaliza chai na kufika ufuoni saa nne hukuta miamba imechomoza, boti inagusa chini, na kishawishi cha kushuka kutembea juu ya matumbawe ni kikubwa. Tafadhali msishuke. Tumbawe ni mnyama hai, na yale ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Pande lenye ukubwa wa sufuria ya pilau laweza kuwa na umri wa babu yako. Viatu vya plastiki hukinga mguu wako dhidi ya miba, havilikingi tumbawe dhidi yako.

Siku za maji mafu, yaani juma moja hivi baada ya bamvua, mambo hugeuka. Maji hujaa katikati ya asubuhi, mkondo ni mpole, na jua liko juu kiasi cha kumulika hadi chini. Maji yanayojaa huleta maji safi kutoka nje ya mwamba. Yanayopwa hutoa tope la kijito cha Mtwapa na cha Tudor. Kwa hiyo ingia muda wa saa moja au mbili kabla hayajajaa. Nahodha yeyote wa boti yenye sakafu ya kioo anazijua saa hizo kwa kichwa. Muulize siku moja kabla, na usimharakishe akikwambia ngoja.

Sasa misimu. Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, ndiyo yenye maji maangavu, hasa Januari na Februari. Machi na Aprili bahari hufikia joto lake kubwa, na hapo ndipo matumbawe huweza kupauka. Joto la El Niño la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Ukiyaona meupe, bado yanaweza kupona joto likishuka, ila hayana nguvu ya kuhimili teke la mwogeleaji. Mei, mvua ya masika huchafua maji, na mimi nisingemshauri mtu alipie boti. Oktoba na Novemba, upepo wa matlai unapokuwa mwepesi, bahari hutulia tena.

Kusi, msimu wa upepo wa kusini-mashariki kati ya Mei na Oktoba, hudharauliwa bure. Ni kweli mawimbi ni makali na mwani hurundikana ufuoni. Mwani huo si uchafu: hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na kaa wanaula. Nje ya mwamba, Julai hadi Septemba, nyangumi wa nundu hupita wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa.

Kasa nao hupanda ufuoni usiku kutaga, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Ukiona alama zake mchangani asubuhi, usichimbe. Wapigie maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya. Na kama nyumba yako inatazama bahari, zima taa za nje usiku, kwa sababu vifaranga hufuata mwanga, na wakifuata wako wataishia barabarani.