Dhima ya Bidhaa: Silikoni au Wavu wa Titi Ukikudhuru, Unamshtaki Nani?

Tarehe 24 Julai 2019, FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni vipandikizi vyake vya matiti vya BIOCELL. Kampuni ikakubali, ikavirudisha kutoka dunia nzima. Sababu ilikuwa saratani. Si ile saratani ya titi tuliyoizoea, bali limfoma, saratani ya chembe za kinga, ambayo madaktari huiita BIA-ALCL na ambayo huota kwenye kovu na majimaji yanayokizunguka kipandikizi. Hadi siku hiyo FDA ilikuwa na taarifa za wagonjwa 573 duniani, 33 kati yao wakiwa wameshafariki. Katika hao 573, wagonjwa 481 walikuwa wamewekewa vipandikizi vya Allergan.

Ganda la BIOCELL lilikuwa linakwaruza kama msasa. Kiwandani, silikoni ambayo haijakauka iligandamizwa kwenye chembe za chumvi, kisha chumvi ikaoshwa ikaacha vitundu vidogo vidogo. Nia yenyewe ilikuwa njema: nyama ya mwili ishikamane na ganda, kipandikizi kisizungukezunguke ndani ya titi.

Mwenye kipandikizi cha namna hii ana mambo mawili ya kushughulikia, na afya ndiyo ya kwanza. FDA haikuwashauri wasio na dalili wakimbilie kuvitoa. Lakini titi likivimba au kuuma bila sababu miaka kadhaa baada ya upasuaji, muone daktari mapema, majimaji yavutwe kwa sindano yapelekwe maabara, pamoja na kutafuta alama inayoitwa CD30. Jambo la pili ni sheria, na msingi wake ni dhima ya bidhaa.

Dhima ya bidhaa ni wajibu wa mtengenezaji au muuzaji kumlipa mtu aliyeumizwa na kasoro ya kitu alichokitoa sokoni. Wengi huichanganya na uzembe wa daktari, ilhali ni madai mawili tofauti yenye wadaiwa tofauti. Daktari anaulizwa: je, ulifanya kazi yako kama daktari mwenye ujuzi wa kawaida angeifanya, na ulimweleza mgonjwa hatari zilizopo kabla hajatia sahihi? Kampuni inaulizwa kuhusu kitu chenyewe, na mara nyingi mdai halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu kiwandani aliyezembea. Upasuaji mmoja unaweza kuzaa madai yote mawili.

Kasoro zenyewe sheria ya Marekani inazigawa mara tatu. Iko kasoro ya utengenezaji: ramani ya bidhaa ni sawa, lakini hiki kilichoingia mwilini mwako kilitoka kiwandani kikiwa kibovu. Iko kasoro ya usanifu: vyote vimetoka kama vilivyokusudiwa, ila usanifu wenyewe una hatari iliyoweza kuepukwa, na uso wa BIOCELL unashambuliwa hasa kwa hoja hiyo. Halafu kuna kutoonya: kampuni ilijua au ilipaswa kujua hatari, ikanyamaza. Hapa wengi hushtuka, kwa sababu katika majimbo mengi wajibu wa kuonya haumtaki mtengenezaji azungumze na mgonjwa, unamtaka amuonye daktari. Kampuni ikithibitisha kwamba daktari aliambiwa, kesi ya kutoonya inaweza kufia hapo, hata kama wewe hukusikia neno.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza na swali ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kulifikiria: kifaa hiki kiliingia sokoni kwa mlango gani?

FDA ina milango miwili mikubwa kwa vifaa vya tiba. Wa kwanza ni idhini kamili kabla ya kuuzwa, yenye majaribio na maelfu ya kurasa za ushahidi. Vipandikizi vya silikoni hupita hapo. Allergan na Mentor, kampuni nyingine ya vipandikizi, walipata idhini Novemba 2006, baada ya silikoni kuzuiwa kwa matumizi mengi tangu 1992. Mlango wa pili, maarufu kwa jina la 510(k), ni mwepesi zaidi: kampuni inaonyesha kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine ambacho tayari kinauzwa kihalali. Nyavu nyingi za upasuaji, yaani vitambaa vyenye matundu vinavyowekwa mwilini kushikilia nyama au kipandikizi, zilipita huko.

Sasa angalia kinyume chake mahakamani. Mwaka 1996, katika kesi ya kampuni ya vifaa vya tiba ya Medtronic dhidi ya Lohr, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kifaa kilichopita mlango mwepesi kinaweza kushtakiwa kwa sheria za jimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Riegel dhidi ya Medtronic, mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba kilichopata idhini kamili kinalindwa: jimbo haliwezi kudai usalama wa aina tofauti na ule ambao FDA imeukubali, kwa hiyo madai mengi ya usanifu na ya kutoonya yanatupwa. Majaji wanane walikubaliana. Ruth Bader Ginsburg peke yake alipinga. Mwanamke mmoja akiwekewa silikoni na wavu siku moja, kwenye titi lilelile, ana njia pana zaidi dhidi ya kile kilichochunguzwa kidogo.

Ngao hiyo ina tundu, ila ni jembamba. Kampuni ikivunja masharti ambayo FDA yenyewe iliiwekea, mfano kutengeneza kifaa tofauti na kilichoidhinishwa au kuficha taarifa za madhara, jimbo lenye kanuni inayofanana na sharti hilo linaweza kukupa haki ya kudai. Lakini tangu uamuzi wa mwaka 2001 katika kesi ya Buckman, huwezi kushtaki kwa hoja tu kwamba FDA ilidanganywa. Mdai anapaswa kulalamikia kitendo kilichovunja masharti ya FDA, na wakati huohuo dai lake liwe na mizizi katika sheria ya jimbo, lisiwe malalamiko ya kuvunjwa kwa masharti hayo peke yake. Mawakili wazuri hushinda na kushindwa kwenye mstari huo. Katika kesi za BIOCELL zilizokusanywa New Jersey mbele ya Jaji Brian Martinotti, kampuni iliomba zifutwe kwa hoja ya ngao hii. Machi 2021 jaji alikata sehemu ya madai na kuiacha sehemu iendelee.

Binafsi ningeielewa ngao hii kama usimamizi baada ya idhini ungekuwa mkali. Idhini ya 2006 ilitolewa kwa sharti kwamba kampuni zifuatilie makumi ya maelfu ya wanawake kwa miaka. Machi 2019 FDA ilikuwa ikiandika barua za onyo kwa Mentor na Sientra kwamba tafiti zao za ufuatiliaji hazikutimiza masharti. Na hadi mwaka huohuo, taarifa nyingi za madhara ya vipandikizi zilipelekwa FDA kwa muhtasari ambao umma haukuwa ukiuona, mpaka utaratibu huo ulipofutwa. Mgonjwa ananyimwa kesi kwa sababu serikali inalinda, na ulinzi wenyewe ndio huo.

Turudi kwenye wavu. Baada ya titi kukatwa kwa ajili ya saratani, wapasuaji wengi hutumia wavu wa sintetiki au ngozi ya binadamu au mnyama iliyoondolewa chembe hai, ili kushikilia kipandikizi kutoka chini. Siku hizi hutumiwa hata kwenye kuinua matiti, na matangazo huuita sidiria ya ndani. Machi 2021 FDA ilieleza waziwazi kwamba hakuna bidhaa ya ngozi hizo iliyoidhinishwa kwa kutengenezea titi, na kwamba aina mbili, FlexHD na AlloMax, zilionekana kuwa na viwango vya juu zaidi vya maambukizi, kurudi chumba cha upasuaji na kutolewa kwa kipandikizi. Novemba 2023 ikatoa onyo jingine kuhusu nyavu za kampuni ya BD kutumiwa kwenye matiti.

Kutumia kifaa nje ya kile kilichoruhusiwa si kosa kwa daktari wa Marekani. Kampuni ndiyo isiyoruhusiwa kukitangaza kwa matumizi hayo. Kwa hiyo wakili wa mgonjwa wa wavu atatafuta barua, video na vipeperushi ambavyo mawakala wa mauzo waliwapa wapasuaji. Na kwa daktari atauliza kama mgonjwa aliambiwa kwamba kifaa hiki hakijaidhinishwa kwa titi. Watu wanaotaka kujua uzito wa kesi za nyavu hutazama zile za ukeni: zaidi ya kesi 100,000 zilipita mbele ya Jaji Joseph Goodwin huko West Virginia, na Aprili 2019 FDA ikaamuru nyavu za kurekebisha kushuka kwa viungo vya nyonga kupitia ukeni ziache kuuzwa. Kampuni nyingi zililipa kwa makubaliano.

Kesi nyingi namna hiyo huunganishwa kwa ajili ya maandalizi tu: jaji mmoja anasimamia nyaraka na mahojiano ya mashahidi, lakini kila mgonjwa anabaki na kesi yake na kiasi chake cha fidia. Kesi ya kundi ni kitu kingine, mtu mmoja anawakilisha wote. Hiyo huwafaa zaidi wale ambao hawajaugua lakini wanadai gharama, kama vile za uchunguzi wa mara kwa mara. Ukisoma tangazo la wakili, uliza ni ipi kati ya hizo mbili anayokuitia.

Muda ndio unaoua kesi nyingi kimyakimya. California inatoa miaka miwili kwa madai ya kuumia, New York mitatu, na Tennessee kwa kawaida mwaka mmoja. Katika majimbo mengi saa huanza kuhesabu siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba kifaa ndicho kilichokudhuru, na usishangae wakili wa kampuni akisema ulipaswa kujua siku ya tangazo la Julai 2019. Juu ya hapo baadhi ya majimbo yana ukomo wa pili unaohesabiwa tangu bidhaa iuzwe, ujue usijue. Tennessee ilivitazama vipandikizi vya silikoni kipekee: miaka 25 tangu kuwekewa, mradi ufungue kesi ndani ya miaka minne tangu ulipojua.

Ushahidi nao hupotea kwa njia ya kawaida kabisa. Ndani ya faili la upasuaji mna ukurasa wenye stika ndogo iliyobanduliwa kwenye boksi la kifaa, yenye jina la kampuni, namba ya toleo na namba ya kifaa chenyewe. Omba nakala ya ukurasa huo pamoja na ripoti ya upasuaji. Kadi uliyopewa siku ya kutoka hospitali peke yake haitoshi ikiwa wavu haukuandikwa humo. Ukienda kukitoa, andika barua kabla ya siku ya upasuaji ukitaka kipandikizi, wavu na ganda la kovu vihifadhiwe. Hospitali nyingi hutupa vilivyotolewa baada ya maabara kumaliza, na mwakilishi wa kampuni anaweza kuomba avichukue akavichunguze. Usikubali kabla wakili hajaona.

Mawakili wa kesi hizi hawatozi mwanzoni. Huchukua fungu la kinachopatikana, mara nyingi theluthi moja hadi asilimia 40, mbali na gharama za wataalamu. Bima iliyolipia matibabu yako nayo inaweza kudai irudishiwe kutoka kwenye fidia. Na si kila kitu kinahitaji mahakama: sheria ya Marekani ya 1998 inaitaka bima inayolipia kukatwa titi ilipie pia kulitengeneza upya na kutibu matatizo yanayofuata. Allergan iliahidi kuwabadilishia wenye BIOCELL kwa vipandikizi laini bila malipo ya kifaa, ila ada ya upasuaji haikuwemo.

Je, aliyewekewa kifaa cha Kimarekani Nairobi au Dubai anaweza kushtaki Marekani? Anaweza kujaribu, lakini jaji ana mamlaka ya kuifuta kesi akiona mahakama ya nchi nyingine inafaa zaidi. Mahakama ya Juu ilishikilia hivyo mwaka 1981 katika kesi ya Piper Aircraft dhidi ya Reyno, iliyotokana na ajali ya ndege huko Scotland. Hivyo sheria ya mahali ulipopasuliwa ndiyo itakayobeba mzigo mkubwa.

Tena kuna suala la kama yupo wa kulipa. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza vipandikizi kwa silikoni ya viwandani, wanawake wapatao 300,000 au zaidi wakawekewa duniani, na mwaka 2010 ilipofichuliwa ilifilisika. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka minne jela Desemba 2013. Wagonjwa wakageukia TÜV Rheinland, taasisi ya Ujerumani iliyothibitisha ubora wa kiwanda, na baada ya miaka ya kupanda na kushuka, mahakama ya rufaa ya Paris ilisema Mei 2021 kwamba ilizembea. Wengine waliifuata bima ya PIP. Juni 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimjibu mgonjwa mmoja wa Ujerumani kwamba sheria ya Ulaya ya kutobagua haikuizuia bima hiyo kujifunga kwa madhara yaliyotokea kwenye ardhi ya Ufaransa. Anayepanga kusafiri kwenda kupasuliwa ng'ambo aulize, kabla ya kulipa, bima ya mtengenezaji inafika nchi zipi.