Rangi ya kiwandani ya Corvette na kosa la kuing'arisha kupita kiasi

Nikiletewa Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ya mwaka 1963 inayong'aa kama kioo kila upande, moyo unaniuma. Rangi yake ya kiwandani imeshapigwa msasa ikaisha, juu yake ikapulizwa klia, tabaka la juu lisilo na rangi, ambayo kiwanda hakikuwa nayo.

Mambo yanaanzia kwenye bodi. Zile 300 za kwanza, zilizoundwa Flint, Michigan, mwaka 1953, zote nyeupe na viti vyekundu, bodi zake zilikuwa za faibaglasi. Bati huvumilia moto wa oveni. Faibaglasi haitaki moto mkali, na hewa iliyonaswa ndani yake hutoboa rangi vitundu vidogovidogo. Rangi ya laka, ambayo GM, kampuni mama ya Chevrolet, ilikuwa tayari inaitumia, iliifaa: hukauka thina ikipaa. Ilianza ya nitroselulosi, na 1958 ikaingia ya akriliki.

Laka hiyo inasuguliwa yenyewe mpaka ing'ae. Pitisha kitambaa chenye polishi juu ya Riverside Red halisi, ile nyekundu ya kiwandani, kitatoka chekundu. Gusa kwa thina mahali pasipoonekana, rangi italainika hata leo. Sebring Silver, rangi ya fedha iliyoongezewa dola 80.70 kwenye bei, ndiyo inayohitaji mkono mwepesi kuliko zote, maana chembe za alumini ziko juu kabisa bila kinga. Ukisugua sana inabaki na mabaka.

Kipimo cha sumaku cha unene wa rangi hakisomi chochote juu ya faibaglasi, kwa hiyo mimi huanza na kibati chenye namba ya rangi kilicho chini ya kisanduku cha dashibodi: 916 ni Daytona Blue, 923 ni Riverside Red. Halafu nachuchumaa nitazame sehemu za chini. Hapo mpulizaji wa kiwandani alipita haraka, rangi ni nyembamba na uso unakwaruza. Nikikuta hivyo nafurahi, na namsihi mwenye gari asiguse.

Mwaka 1981 ndio unaowachanganya wengi. Kiwanda cha St. Louis kilimaliza kazi kikiwa bado na laka, huku kile kipya cha Bowling Green, Kentucky, kikipuliza rangi ya enameli na klia juu, na kutoa hata magari ya rangi mbili. Kabla ya kununua thina au rangi yoyote, soma herufi ya 11 ya namba ya chesi: S ni St. Louis, 5 ni Bowling Green.