Gari la spoti la mkononi: kwa mwenyewe au yadi?

Simu ninazopigiwa huwa na maneno yale yale. "Fundi, nimeona mbili, zinafanana hadi rangi. Moja iko yadi, nyingine anauza mwenyewe na bei yake iko chini. Nichukue ipi?" Kabla sijajibu huuliza swali moja: ukishalipa, utabakiwa na kiasi gani? Wengi hapo hunyamaza kidogo. Walijiandaa kwa maswali ya gari, si ya mfuko wao.

Kazi yangu ni kukagua magari ya spoti kabla mnunuzi hajatoa hela. Sina gari la kuuza wala sichukui cha juu kwa muuzaji. Nimelala chini ya magari ya yadi zenye vioo virefu, na chini ya magari yaliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mtu, na mabovu nimeyakuta kote. Ninachokiona ni kwamba pande hizi mbili haziuzi kitu kimoja. Mwenyewe anakuuzia gari pamoja na maisha liliyoishi. Yadi inakuuzia gari pamoja na mlango wa kurudi likikusumbua. Anayelizwa mara nyingi ni yule aliyelipia kimoja akidhani amepata vyote viwili.

Kwa gari la kwendea kazini hili lisingekuwa jambo kubwa, maana hata likipita mikono mitano, yote hulitumia karibu sawasawa. La spoti halina bahati hiyo. Mmoja husubiri oili ipate moto ndipo akanyage, mwingine huliwasha asubuhi na kulipeleka hadi wekundu wa mita ili jirani asikie eksozi. Yaegeshe magari hayo mawili pamoja, hutaona tofauti.

Nikupe mfano. Mteja alinipeleka kuona Porsche 911 mbili za kizazi cha 996, kilichoanza kutengenezwa 1997. Ya kwanza ilikuwa yadi. Imeng'arishwa, viti vimepakwa mafuta, injini imeoshwa mpaka unaweza kuilia chakula. Mimi injini iliyooshwa hainifurahishi. Ni kama daftari lililofutwa: kama ilikuwa inavuja, na ilikuwa inavujia wapi, siwezi tena kujua. Kijana wa mauzo akasema gari lilikuwa la mtu mmoja mwangalifu. Nikaomba risiti za matengenezo. Akanipa kijitabu chenye mihuri, na mihuri hiyo ilikoma miaka sita nyuma.

Nikachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Hapa inabidi nieleze kidogo. Injini ina kikomo cha mizunguko, na ukikanyaga mafuta mpaka mwisho kompyuta huikata kabla haijakipita. Lakini liko kosa moja ambalo kompyuta haina la kufanya: dereva yuko gia ya tano, kasi kubwa, anataka kurudi ya nne, mkono unaingiza ya pili. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hayaombi ruhusa. Valvu zinaweza kugonga pistoni, boliti za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, zinaweza kuvutika. Kompyuta ya 996 hulihesabu jambo hilo kwa mafungu mawili. La kwanza ni la kugusa kikomo, ambalo kwenye gari la spoti halinitishi. La pili ndilo la mkono uliokosea gia, na kando yake huandikwa ni katika saa ya ngapi ya uhai wa injini lilitokea mara ya mwisho. Kuanzia kizazi cha 997 mafungu ni sita.

911 ya yadi ilikuwa na namba nene kwenye fungu la pili, na tukio la mwisho lilikuwa la saa chache tu zilizopita. Kisha nikafanya hesabu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haitaki kifaa kingine. Dashibodi ilisema kilomita 52,000. Kompyuta ilisema injini imefanya kazi saa 2,600. Gawanya: kilomita 20 kwa saa. Magari ya aina hii ninayoyapima mengi huangukia kati ya 40 na 60. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kilomita zimerudishwa nyuma, maana foleni nazo zipo duniani. Nilimwandikia mteja hesabu yenyewe, akaisoma mara mbili.

Yule kijana hakuwa ametudanganya. Gari walilitoa mnadani wiki tatu kabla, wakalisafisha, wakalipiga picha. Hakujua. Huo ndio udhaifu mkubwa wa yadi inayouza kila kitu: leo gari la familia, kesho pikapu, keshokutwa 911. Maisha ya gari yalibaki kwa mwenyewe, na jina la mwenyewe hutapewa.

Ya pili ilikuwa kwa mzee mmoja aliyestaafu. Nilipofika, kabla hata ya salamu kuisha, niliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Baridi. Muuzaji aliyekwishaliwasha gari kabla hujafika amekunyima dakika mbili zenye habari nyingi kuliko zote: moshi wa kwanza, minyororo inayogonga, oili inayochelewa kupanda. (Mazda RX-8 ni kinyume chake kidogo. Hiyo injini ya rota, isiyo na pistoni, huonyesha uchakavu ikiwa ya moto: izime, subiri dakika chache, iwashe tena. Ikihangaika kuwaka, ondoka. Na kipimo cha kawaida cha kompresheni hakiifai, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na hicho kitakuonyesha iliyo bora tu.)

Chini ya gari la mzee kulikuwa na kadibodi yenye doa la oili la ukubwa wa kisosi. Akaninyooshea kidole mwenyewe: "Inatoka kwenye sili ya nyuma ya kranki, inatoka pole pole." Kweli, ndipo ilipokuwa ikitoka. Kisha akaleta faili. Ndani mlikuwa na risiti ya beringi ya shafti ya kati, ile ambayo ikivunjika kwenye Boxster na 911 za kawaida za enzi hizo huiua injini nzima. Ilibadilishwa pamoja na klachi, namba ya kipuri imeandikwa, kilomita zimeandikwa. Filta ya mwisho ya oili alikuwa ameikata na kuikunjua kutafuta chembe za chuma, na aliihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumuuliza kama alikuwa akipasha injini.

Sasa usiondoke hapa ukidhani kila anayeuza mwenyewe ni mzee huyu. Mwaka huo huo nililetewa BMW M3 ya E46 iliyokwishanunuliwa, kwa mtu binafsi, bila ukaguzi, kwa sababu "jamaa alionekana mstaarabu". Nikaipandisha. Sakafu ya nyuma, pale fremu ndogo inayobeba difu na miguu ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, ilikuwa imepasuka sehemu mbili, na mtu alikwishapaka mpira mweusi juu ya nyufa. Ni ugonjwa unaojulikana wa gari hilo, na dawa yake ni kuteremsha nyuma yote, kuchomelea na kuongeza vyuma. Mteja akapiga simu kwa jamaa mstaarabu. Haikupatikana siku ile wala iliyofuata.

Kwa kununua yadi angekuwa na pa kushika. Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inampa anayenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ni muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwapo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamwajibisha muuzaji miaka 2, ingawa kwa vitu vilivyotumika zinaruhusiwa kuacha muda huo ukubaliwe hadi mwaka 1. Marekani muuzaji lazima abandike karatasi kwenye kioo inayosema kama kuna waranti au gari linauzwa lilivyo. Isome karatasi hiyo kabla ya kusikiliza injini. Mtu binafsi karibu kila mahali anadaiwa jambo moja, asiseme uongo, na kuthibitisha uongo wa mdomo ni kesi ndefu.

Lakini waranti ya yadi nayo isomwe. Mara nyingi ni bima ya kampuni nyingine, yenye kiwango cha juu cha kulipa kwa kila dai. Nimeona kiwango kisichotosha hata kufungua giaboksi ya gari lenyewe. Klachi, breki, shokapu na bushi huitwa "vya kuchakaa" na huachwa nje ya waranti. Siku ukiingia uwanja wa mbio, hata kwa kujifurahisha, waranti nyingi hufa hapo hapo. Muulize muuzaji swali la kijinga kabisa: pampu ya maji ikifa mwezi wa pili, nani analipa, na gari linatengenezwa wapi? Atakayekujibu bila kupepesa ameshawahi kulipa. Na chunga neno "tunamuuzia mteja". Kama gari si la yadi, wao wanalipangisha uwanja tu, mlango wa kurudi unaoulipia huenda haupo. Taka mkataba uonyeshe nani hasa ndiye muuzaji.

Kuna pia dalali anayejifanya mwenye gari, anayetaka bei ya yadi bila mzigo wa yadi. Huyu namkamata kwa simu. Nasema tu, "Napiga kuhusu lile gari." Mwenye gari moja atasema bado lipo au limeshaenda. Dalali atauliza, "Lipi?"

Ukifika, linganisha jina la kadi na kitambulisho, na namba ya chasisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma. Herufi zake na tarakimu kwa kawaida ni 17, na ndani ya namba ya 17 hamna I, O wala Q. Ukiziona, mtu amejitungia. Deni la benki ulimalizie benki kwenyewe, mwenye gari akiwa ubavuni mwako, hela iingie kwenye mkopo moja kwa moja.

Matairi huniambia mengi kuliko rangi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari lenye nguvu farasi 300 likivaa tairi za bei rahisi za majina manne tofauti, mwenyewe aliishiwa, na alipoishiwa hela za tairi hakubadilisha oili ya difu. Rangi napima unene wake: ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 180, na ikipanda hadi elfu na zaidi chini yake kuna puti ya kuzibia mabonde. Usipeleke kipimo hicho kwa Chevrolet Corvette lakini. Bodi yake si ya chuma tangu 1953, utasimama pale unapima hewa.

Na pande zote mbili wanaijua hila ya kufuta misimbo ya hitilafu asubuhi ya ukaguzi. Taa ya injini huzimika, ila kompyuta hubaki na orodha ya majaribio yake ya ndani ambayo bado hayajakamilika, na huchukua siku kadhaa barabarani kuyamaliza. Nikiikuta orodha hiyo imejaa, nauliza misimbo ilifutwa au betri ilitolewa lini na kwa nini.

Mimi binafsi, kwa hela zangu, hununua kwa mwenyewe, kwa sababu najua kukagua na hela ya matengenezo huwa nimeiweka kando. Ukiwa na moja tu kati ya hayo mawili, tafuta yadi, lakini si yadi yoyote. Tafuta ile inayouza aina hiyo moja miaka nenda miaka rudi, yenye karakana yake, inayoyauza tena magari yale yale iliyoyauza zamani. Bei yao huuma. Ila wao wana faili la gari kama la yule mzee, na mlango wa kurudi pia. Hao ni wachache, na huwa na foleni. Ukiwa huna hata moja, hela yote imeishia kwenye bei na fundi humtaki, subiri mwaka. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini gari la spoti hata bovu hujiuza.

Yule mteja alichukua 911 ya mzee. Nilimwambia atenge asilimia 10 ya bei pembeni, akaitenga huku ananung'unika. Mwezi wa nne pampu ya maji ikafa. Hakuwa na wa kumrudia na hakuniuliza nani alipe. Aliuliza kama inafaa kubadilisha na thamostati hapo hapo, kwa vile mabomba yameshafunguliwa. Nikamwambia inafaa.