Figo yenye virusi vya homa ya ini C: dawa iwe mkononi kabla ya figo

Wauguzi na madaktari wa vitengo vya kuchuja damu huniuliza jambo hili mara kwa mara: inakuwaje Marekani mgonjwa asiye na virusi vya homa ya ini C anapandikizwa figo ya marehemu aliyekuwa navyo, tena kwa makusudi? Ni kwa sababu virusi hivyo siku hizi vinaponyeka kwa vidonge, ilhali figo iliyokufa haifufuki. Lakini yapo masharti, na lililo zito zaidi linahusu kabati la dawa kuliko chumba cha upasuaji.

Zamani nyingi ya figo hizi zilitupwa, na ilikuwa haki zitupwe. Tiba iliyokuwepo ilikuwa interferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka huishambulia figo iliyopandikizwa. Sofosbuviri iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, kisha zikafuata dawa nyingine zinazomshambulia kirusi mwenyewe bila kuigusa kinga. Wakati huohuo heroini na fentanili zilikuwa zinaua vijana wengi wa nchi hiyo, na sehemu yao walikuwa wamepata virusi kwa kuchangia sindano. Figo zao, ukiacha virusi, zilikuwa changa na imara. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitangaza matokeo ya wagonjwa 10 wa kwanza waliopewa figo hizo kisha wakatibiwa kwa wiki 12: wote walipona. Mwaka 2019 madaktari wa Boston walieleza mapafu na mioyo ya aina hiyo. Wapokeaji 44 walianza dawa saa chache tu baada ya upasuaji na kumeza kwa wiki 4. Kati yao 42 walikuwa na virusi kwenye damu mara baada ya kupandikizwa. Wale 35 wa mwanzo waliofuatiliwa hadi miezi 6 walikuwa hai wote, bila virusi.

Kabla ya dawa, tuelewane kuhusu vipimo, maana hapa ndipo watu huchanganya mambo. Mchangiaji hupimwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, na hupimwa chembe za urithi za kirusi, yaani RNA. Kingamwili ikiwepo na RNA isipokuwepo, huyu aliugua akapona. Hatari ya kumwambukiza mpokeaji ni ndogo sana, ingawa mpokeaji bado atafuatiliwa. RNA ikiwepo, hesabu kwamba mpokeaji ataambukizwa, hata kama kingamwili haionekani. Mchangiaji wa namna hiyo ameambukizwa karibuni: RNA huonekana ndani ya wiki moja hivi, kingamwili hukawia wiki 8 hadi 11. Kipo pia kipindi cha siku chache ambacho vipimo vyote viwili havioni kitu. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Marekani wa 2020 unataka kila mpokeaji wa kiungo, si wa figo hizi pekee, apimwe tena RNA wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji.

Sasa dawa. Zinatumika zile zinazofaa kwa aina zote za kirusi, kwani usiku wa upasuaji hakuna muda wa kusubiri maabara iseme ni aina gani. Chaguo la kwanza ni glekapreviri na pibrentasviri, vidonge 3 kwa mkupuo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. La pili ni sofosbuviri na velpatasviri, miligramu 400 na 100 katika kidonge kimoja kwa siku. Muda wa kumeza unategemea umeanza lini. Ukianza siku ileile au ndani ya wiki ya kwanza, wiki 4 zinaweza kutosha kwa figo, moyo au mapafu. Ukichelewa zaidi, rudi kwenye dozi kamili: wiki 8 kwa ile ya kwanza, 12 kwa ile ya pili. Madaktari wa Toronto, Kanada, walikwenda mbali zaidi. Walitoa dozi moja kabla ya upasuaji na siku 7 tu baadaye, wakaongeza ezetimibu miligramu 10, dawa ya kolesteroli ambayo pia huziba mlango mmoja ambao kirusi hupitia kuingia kwenye seli ya ini. Hakuna aliyebaki na maambukizi sugu. Napenda utaratibu huo kwa bei yake, lakini singeujaribu mahali ambapo majibu ya RNA huchukua wiki tatu kurudi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kibali cha bima. Figo imepandikizwa Ijumaa, ombi la dawa linajibiwa mwezi ujao, na mgonjwa yuko kwenye dozi kubwa kabisa za kushusha kinga. Virusi huzaana bila kizuizi, na wachache hupata homa ya ini kali ya kuziba nyongo: manjano inapanda haraka, ini linaanza kushindwa kazi, mgonjwa anaweza kufa. Vituo vilivyochelewa kuanza dawa viliripoti pia CMV na BK, virusi vingine vinavyoamka kinga ikishushwa, kuwasumbua wapokeaji. Msimamo wangu ni kwamba kama dozi nzima haipo kabatini, na haijulikani nani atailipia, figo hiyo isipokelewe.

Kisha kuna dawa zinazogombana. Siklosporini, dawa ya kushusha kinga, hupandisha mno kiwango cha glekapreviri, kwa hiyo mwenzake takrolimasi ni salama zaidi, nayo ipimwe kwenye damu mara kwa mara, hata baada ya virusi kuisha, maana ini likipona huivunja kwa kasi nyingine. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo ambayo wengi waliopandikizwa huandikiwa, huzuia velpatasviri kufyonzwa. Ikibidi zote mbili, velpatasviri imezwe na chakula saa 4 kabla ya omeprazoli ya miligramu 20. Amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, pamoja na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi hatari. Atovastatini na simvastatini, dawa za kolesteroli, zisimamishwe ukitumia glekapreviri. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dawa zote hizi za kirusi C, jambo kubwa kwetu ambako kifua kikuu ni cha kawaida: hakikisha hakipo kabla ya kupandikiza. Na homa ya ini B ipimwe mapema, kwani kirusi C kikiondoka ghafla, B iliyolala inaweza kuamka. Mwenye HBsAg, alama ya maambukizi ya B kwenye damu, awe ameshaanza tenofoviri au entekaviri, dawa za kuzuia kirusi B.

Kwetu Tanzania na Kenya figo hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo mambo hugeuka. Ndugu mwenye RNA hatoi figo leo. Anatibiwa kwanza, anangojewa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kisha ini lake linapimwa makovu na mkojo wake protini, kwa kuwa kirusi hiki hujeruhi figo pia. Rwanda imetufundisha jingine. Huko aina ya 4 ya kirusi C ndiyo imetawala, na wenye tawi lake la 4r walipona wachache zaidi kwa ledipasviri na sofosbuviri, mchanganyiko mwingine wa dawa, kuliko wengine. Mgonjwa akitoka ukanda huo, usimpe ledipasviri kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

Ufuatiliaji si mgumu. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ina katriji ya kupima wingi wa virusi C. Pima mwishoni mwa dawa na wiki 12 baadaye. RNA isipoonekana siku hiyo, amepona. Hadi hapo atumie kondomu na asichangie wembe wala mswaki, ila sahani, vikombe na kukumbatiana havina shida. Kwenye faili iandikwe kwa herufi kubwa kwamba kingamwili inaweza kubaki maisha yote, ili daktari mwingine miaka mitano mbele asikione kipimo hicho akamwanzishia dawa upya. Apime RNA.