Mwanga wa ubavuni, kutoka mwezini hadi Mji Mkongwe

Watu wengi huuelekezea Mwezi kamera usiku ule ukiwa mpevu, kisha husikitika: picha imetoka duara jeupe, halina bonde wala kilima. Kazi yangu ni kupiga picha za majengo ya kale ya pwani, na anayetaka kujifunza kazi hii namwanzisha kwa Mwezi, ila ule wa siku ya 7, ukiwa nusu.

Tazama mpaka kati ya upande wenye nuru na upande wenye giza. Kwa anayesimama hapo mwezini, Jua ndiyo kwanza linachomoza. Miale inakuja kwa ubavu, chini chini, na ukingo wa kila kreta, yaani shimo la duara, unatupa kivuli kirefu. Vivuli hivyo ndivyo Galileo, mwanaanga wa Italia, alivyoviona kwa darubini yake mwishoni mwa 1609, akajua kwamba Mwezi una milima, akakadiria hata kimo chake. Waliopanga safari ya Apollo 11, iliyowashusha watu mwezini kwa mara ya kwanza, nao walivitegemea: chombo kilipotua tarehe 20 Julai 1969, Jua lilikuwa limepanda nyuzi 11 hivi tu pale kilipotua, ili marubani waweze kutambua mashimo na mawe kwa vivuli vyake. Mwezi ukiwa mpevu, Jua liko mgongoni mwetu, na kila kivuli kimejificha nyuma ya kitu chake. Flashi iliyo juu ya kamera inafanya vivyo hivyo.

Kwa Mwezi nusu, anza na ISO 200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8 na shata ya sekunde 1/100. Usiogope kasi hiyo kwa kuwa ni usiku. Unapiga picha ya mawe yaliyo juani.

Sasa njoo Unguja, kwenye milango ya Mji Mkongwe. Mayungiyungi, samaki, mnyororo unaopanda na miimo, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uliochongwa toka juu hadi chini: yote hayo ni mabonde na vilima vidogo vya mbao. Wapiga picha tumefundishwa kulikimbia jua la adhuhuri, na kwa nyuso za watu ni ushauri mzuri, maana macho huzama gizani. Lakini ukuta umesimama wima. Jua la utosini, kwa ukuta, ni jua la ubavuni. Linateremka likiugusa juu juu tu, na kila jani la nakshi linaweka kivuli chini yake. Tena vichochoro vya pale ni vyembamba mno. Vingi havipati jua la moja kwa moja isipokuwa saa hizo. Mimi naipenda saa hiyo kuliko alfajiri yoyote.

Mlango unaotazama mashariki uwahi muda mfupi kabla Jua halijafika katikati ya anga. Unaotazama magharibi, muda mfupi baadaye. Saa yako isikupoteze: mwanzoni mwa Machi, Jua linapopita karibu kabisa na utosi wa Unguja, katikati yake ni saa sita na nusu na dakika chache, si saa sita kamili. Mwanzoni mwa Oktoba linapita tena utosini, na safari hii ni saa sita na dakika kumi hivi. Fika mapema, funga kamera kwenye stendi, kwa sababu nakshi hung'aa kwa dakika chache tu kabla ukuta haujaingia kivulini.

Nyumba za mawe za Lamu ni ngumu zaidi. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya lipu ya chokaa, ziko ndani kabisa, nyuma ya misana, vile vyumba virefu vyembamba, na mwanga wote unatoka kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, unazijia kwa mbele. Hapo nasubiri jua lipige ukuta mmoja tu wa kiwanda. Chokaa nyeupe inaurudisha mwanga kwa mshazari, unavuka misana, na matao madogo yanaanza kuachana na ukuta. Omba wenyeji wazime taa, acha shata wazi kwa sekunde 1 au 2, na flashi iache mkobani.